Nilidhani ni miwani tu

Iliyonipeleka kwa daktari wa macho ni namba 8. Niko dukani kwangu Ngamiani, Tanga, nauza spea za baiskeli, nikawa namtumia mtu wa jumla hela yake kwa simu, elfu hamsini, namba kaniandikia kwenye kipande cha boksi, ile 8 mie nikaiona 3. Na jina lilitokea kabisa kwenye skrini kabla sijathibitisha ila nalo sikulisoma, nikabonyeza tu, hela ikaenda kwa mtu simjui mpaka leo.

Nina miaka 47. Mwaka mzima kijana wangu wa dukani ananicheka eti nasoma meseji kama naipiga picha simu. Nikanunua miwani ya mezani pale sokoni, nikaona freshi, kwisha habari. Baada ya ile elfu hamsini ndo wife akasema sasa utauza duka hivihivi, nenda kapime.

Daktari miwani hakuishangaa hata kidogo. Kasema lenzi ya ndani ya jicho inakakamaa na umri, ukifika arobaini na kitu inakukuta tu, ule karoti usile. Hizi za mezani haziharibii macho ila hazikupimi. Kisha akauliza, kwenu kuna mtu amepofuka?

Hapo nikakaa kimya kidogo, maana nilimkumbuka mama. Mama miaka yake ya mwisho alikuwa anakuona usoni vizuri, anakwambia umekonda, lakini kikombe cha chai ukikiweka pembeni yake anakipiga kumbo, na mlangoni kila siku bega linagonga fremu. Sie tukasema uzee. Baadaye tukasema mtoto wa jicho, kwa sababu jirani yetu mvuvi alitolewa mtoto wa jicho akawekewa lenzi ya bandia na akarudi kushona nyavu, basi tukajua siku tukipata hela na mama atatolewa. Kumbe kwa maelezo yale, daktari anasema inafanana sana na presha ya jicho.

Hii sio presha ya mwili jamani, msichanganye. Ndani ya jicho kuna maji yanatengenezwa na kutoka, yakikosa njia presha inapanda, inaua taratibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Mara nyingi haiumi. Inaanza kula pembeni, katikati panabaki, ndo maana mtu anabisha kwamba anaona. Na kilichokufa hakirudi, dawa ya matone au upasuaji vinalinda kilichobaki tu. Na inapenda kutembea kwenye familia.

Mie hiyo presha ya macho nimepimwa 19 na 20, kawaida ni kama 10 mpaka 21, ila akataka aangalie na nyuma ya jicho kwa sababu wapo ambao namba nzuri na mshipa unakufa. Niko salama, nirudi kila mwaka. Halafu akaniomba kile kichupa cha matone nachotembea nacho, najitiliaga macho yakiwasha na vumbi, nilinunua tu dukani bila cheti. Akasoma lebo akaniangalia. Kina stiroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ukikitumia muda mrefu bila kusimamiwa kinapandisha hiyohiyo presha na mtoto wa jicho kinakuletea. Miaka miwili natia mwenyewe!

Walinitia dawa ya kupanua mboni, nikatoka saa saba mchana jua la Tanga lote limeingia kichwani, baiskeli nikaikokota mpaka barabara ya 12. Nendeni na mtu.

Sasa kazi ni dada'ngu, ana 58 na ana kisukari juu, ambacho nacho kinashambulia nyuma ya jicho, yeye ndo alitakiwa awe anapimwa kila mwaka kuliko mie. Nimempigia, ananijibu, mdogo wangu mie nikisimama ufukweni Raskazone nakiona kisiwa cha Toten mpaka miti yake. Nikamwambia sawa dada, Jumamosi nakuja kunywa chai kwako, na kikombe nitakiweka mwenyewe.