Sakafu Niliyoivunja kwa Mkono Wangu

Januari 2008 nilikuwa fundi mwashi mwenye majivuno. Nilikuwa nimetoka kumaliza maduka matatu pale Malaba, upande wetu wa Uganda, na sakafu zake zilikuwa zinang'aa hata mwenye maduka akawavulisha watu viatu mlangoni wiki nzima. Kwa hiyo shangazi aliponiita kijijini kwake, nje kidogo ya Tororo, nimjengee nyumba ya nguruwe, nilicheka. Nikaona ni kazi ya siku chache na kula kuku.

Shangazi alikuwa akifunga nguruwe wake kwa kamba chini ya mwembe, kama wafanyavyo wengi kule kwetu. Shida ni kwamba nguruwe akikata kamba haendi mbali, anaishia kwenye karanga za jirani. Kesi mbili zilikuwa zimeshafika kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji. Safari ya tatu jirani alisema hasumbuki kwenda kwa mwenyekiti tena, ataleta panga. Na jike mkubwa alikuwa na mimba. Shangazi alimhesabia kwa vidole: miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Ukijumlisha unapata zile siku 114 wanazosema wataalamu, na zilikuwa zimebaki kama ishirini.

Mwenzangu wa kazi, tuliyekua naye kwenye kota za reli Tororo, ni Mwislamu. Nilidhani atakataa. Aliniuliza swali moja tu: "Ameshaingia?" Nikasema bado. "Basi huo ni ukuta tu," akasema, akabeba mwiko wake.

Tukajenga. Vyumba viwili vya mita tatu kwa tatu, matofali ya kuchoma hadi kwenye mabati, kidirisha kimoja kila chumba, mlango ukitazama magharibi ili shangazi auone kutoka jikoni. Sakafu nikaipima kwa pima maji mpaka povu likatulia katikati kabisa, kisha nikaisugua niru, ule uji wa saruji wa kung'arishia, ikawa kama sahani. Shangazi alisimama mlangoni akapiga kigelegele. "Baba," akaniambia (huniita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la baba yake), "mimi na hawa nguruwe tubadilishane vyumba." Nilifurahi sana. Sasa nikikumbuka kigelegele kile naona aibu.

Siku ya kumwingiza, jike alipiga hatua tatu na miguu ya nyuma ikafunguka kama mkasi. Mzigo ule wa mimba ukaanguka kwa tumbo. Tulimwinua watu wanne, mwenzangu akiwa ametazama pembeni kwa heshima zake. Nikasema atazoea.

Hakuzoea. Kwa kuwa sakafu ilikuwa sawasawa, mkojo haukuwa na pa kwenda. Na wale wanaotukana watu kwa jina la nguruwe hawamjui mnyama huyu: ukimpa nafasi hujisaidia pembe moja, kwenye ubaridi na maji, na hulala pakavu. Mimi sikumpa pakavu. Saa nane mchana jua la Januari lilikuwa juu ya mabati, upepo hauna pa kupita, jua la jioni nalo likaingia kwa mlango wangu wa magharibi. Nguruwe hatoki jasho la kumpoza. Akawa analala kwenye mkojo wake, anahema mdomo wazi, na shangazi akaanza kusema labda karogwa na mwenye karanga.

Alizaa usiku, watoto kumi na mmoja. Asubuhi tulikuta saba. Wanne walikuwa wamebanwa ukutani, bapa, bila jeraha. Shangazi hakulia wala kunigombeza. Aliwafunga kwenye gunia, akanipa jembe nikazike. Sikusema neno.

Mchana alikuja afisa mifugo kwa pikipiki. Kabla ya kuvuka mlango aliomba karai la maji yenye dawa akaosha buti zake, akauliza kwa nini hakuna pa kukanyagia dawa. Alikuwa ametoka kwenye mabanda mengine, na homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba, husafiri hata kwa kiatu. Halafu akageuza ndoo akaikalia. "Fundi," akaniambia, "umewahi kumtazama nguruwe akilala?"

Sikuwahi. Nilikuwa nimejenga nyumba nzima bila kumtazama mwenye nyumba hata mara moja.

Tukakaa kimya. Baada ya muda jike akasogea ukutani, akaegemeza ubavu, akateremka polepole, na ile shubiri ya mwisho akajiachia puu. Aliyekuwa kati ya ubavu na ukuta hakuwa na njia. Safari hii hakuwapo yeyote, lakini nilihisi kifua changu kinabanwa. Daktari akapima kwa mkono: "Weka mti hapa, shubiri moja kutoka chini, shubiri moja kutoka ukutani. Mama ataegemea mti, mtoto atapita chini."

Jioni ile tulikata miti ya mkaratusi tukaifunga kuzunguka kile chumba cha pili, tukatandika nyasi kavu nyingi wasiteleze, tukawahamisha. Pembeni tukatengeneza kiboksi cha mbao chenye tundu dogo asiloweza kupita mama, ndani nyasi na taa ya chemli iliyoning'inizwa juu mbali na nyasi. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote: mtoto wa nguruwe siku za kwanza anataka joto la nyuzi thelathini na kitu, mama yake anaridhika karibu na ishirini. Nyumba moja, hali ya hewa mbili. Hakuna mwenye duka aliyewahi kunipa mtihani huo. Tukapoteza mmoja zaidi, aliyekuwa dhaifu tangu mwanzo. Sita wakapona.

Kisha nikarudi chumba cha kwanza na nyundo na patasi. Mwenzangu alijitolea kunisaidia, nikakataa. Siku mbili nilivunja niru yangu mwenyewe, na iligoma, kwa maana nilikuwa nimeifanya vizuri. Nikamwaga zege upya, likishuka sentimita tatu kwa kila mita kuelekea mfereji, na kabla halijakauka nikalikwaruza kwa ufagio wa njukuti ili lishike kwato bila kuzichuna. Kuta za ubavuni nikazishusha mpaka usawa wa kifua, upepo upite. Mlango wa magharibi nikauziba, nikafungua mwingine kaskazini, kwenye kivuli cha mwembe. Zege tukalinywesha maji wiki nzima. Ndipo nikamwaga ndoo ya maji pembe ya chini, nikatupa hapo na koleo moja la samadi yake, kama alivyonifundisha daktari. Alipoingia alinusa, akaenda moja kwa moja pale akajisaidia, akarudi juu pakavu, akalala. Mwenzangu alichungulia kwa mbali akasema huyu ana adabu kuliko wapangaji wake.

Ilibaki mifuko miwili ya saruji. Nilimwambia shangazi nitairudisha dukani, ile kazi ya pili hanidai na mimi simdai. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mtama. Akaangalia ile sakafu mbaya, yenye mikwaruzo, kisha akaniangalia mimi.

"Usirudishe, baba. Ile ya kung'aa kaniwekee chumbani kwangu. Mimi silali kwa kujitupa."