Jumamosi ya kupandisha klasta ya barua pepe: siku moja maishani mwangu

Siku hii ya kupandisha toleo la programu kwenye klasta, yaani mashine mbili (nodi) zinazofanya kazi kama seva moja, ni ya mwaka 2008, na naikumbuka saa kwa saa kwa sababu daftari la seva bado ninalo. Nilikuwa natunza mifumo katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam. Kazi ile haina Jumamosi. Orodha za shehena, bili za mizigo, maswali ya wateja wa Lubumbashi na Kigali, vyote hupita kwenye barua pepe, na lori lisilo na karatasi zake haliondoki.

Saa 11 alfajiri nilikuwa kwenye daladala ya kutoka Mbagala, DVD mbili zenye nakala ileile ya SP1 (sevisi paki ya kwanza, furushi la maboresho) ya Exchange 2007, programu ya barua pepe ya Microsoft, zikiwa kwenye pochi. Mbili, maana moja ikikwaruzika hakuna pa kuipata tena siku hiyo. Mkongo wa intaneti wa SEACOM, ule wa chini ya bahari, ulikuwa bado. Ulianza kazi Julai 2009. Sisi tulitegemea setilaiti, na faili ile iliteremka usiku tatu mfululizo.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia mzee mmoja.

"Marahaba mwanangu. Mpaka Jumamosi?"

"Leo nitatoka usiku, mzee."

Saa 12 na nusu. Kabla ya kugusa chochote nilisoma ripoti ya bekapu ya usiku. Kanda ya kuhifadhia nakala ilikuwa imeandikwa hadi mwisho, na bado nilirudisha kisanduku kimoja cha majaribio kutoka kwenye kanda hiyo nikakifungua. Bekapu ambayo hujawahi kuirudisha mimi siihesabu.

Saa 1 na nusu nilianza na seva ya mlangoni, ile inayohudumia watu wa wavuti na wa simu. Mpangilio ndio huo: mlango kwanza, kisha seva ya usafirishaji inayopokea na kupitisha barua, mwisho seva ya visanduku vya barua za watu, ile ya klasta. Mstari wa maendeleo ulisogea kidogo, ukasimama. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Mkono ulitaka kubonyeza kitufe cha kusitisha, nikauzuia. Seva zetu hazikuruhusiwa kutoka nje kwenda intaneti, na programu ilikuwa inajaribu kuhakiki vyeti vya faili zake huko nje, inasubiri jibu lisilokuja, inakata tamaa, inakwenda faili inayofuata. Ikamaliza hatimaye. Kwenye kila seva iliyofuata nilianza kwa kuondoa tiki ya uhakiki huo kwenye mipangilio ya Internet Explorer, na kazi ya saa mbili ikawa ya nusu saa.

Seva ya usafirishaji niliipandisha kabla ya saa 5, nodi zote mbili zikiwa hai, kwa makusudi. Ndiyo iliyobeba folda ya shahidi. Klasta yetu ilikuwa na kura tatu za kuamua kama iendelee kuhudumia: nodi mbili na folda ile. Ukiizima seva ya shahidi huku nodi moja iko chini, inabaki kura moja, na klasta nzima inalala.

Saa 6 mchana, nodi ya akiba. Klasta yetu ilikuwa ya aina iitwayo CCR: kila mashine na diski zake, kila mashine na nakala yake ya hifadhidata. Moja inahudumia watu. Nyingine inavuta faili za logi, zinazoandika kila badiliko, kila moja ya megabaiti moja, na kuziingiza kwenye nakala yake. Nikaandika amri ya kuonyesha hali ya nakala, Get-StorageGroupCopyStatus. Foleni ya kunakili: sifuri. Hali: Healthy, yaani nzima. Ndipo nikaipandisha na kuiwasha upya, na watu hawakuhisi kitu.

Wakubwa wengi wakisikia mashine mbili huamini huduma haitazimika kamwe. Kwenye klasta ile, sevisi paki ilikuwa lazima iizime. Seva ya visanduku inasimamishwa, inahamishiwa nodi iliyokwisha kupanda, inapandishwa yenyewe, na ikishapanda hairudi tena kukaa kwenye nodi ya toleo la zamani. Nilikuwa nimewaandikia wote tangu Jumatano: saa 9 alasiri barua zitakatika, kwa saa moja.

Saa 9 kasoro dakika tano simu ikalia. Dada wa oparesheni.

"Mdogo wangu, nipe nusu saa. Wakala anatuma orodha ya meli, makontena yanaanza kushuka usiku huu."

Nikampa. Kuna mafundi ambao dirisha la matengenezo kwao ni amri. Mimi naona lipo kwa ajili ya watu wenye kazi, na nodi iliyopanda ilikuwa inasubiri bila madhara yoyote. Saa 9 na dakika 25 akapiga tena: imefika, amechapa.

Saa 9 na nusu nikasimamisha seva ya visanduku. Nikahamisha kundi la klasta, kisha seva yenyewe, nikaandika amri ya kuipandisha, Setup.com /upgradeCMS, nikabonyeza Enter. Chumba kilikuwa na baridi ya kiyoyozi lakini viganja vilikuwa vimelowa. Mdogo wangu wa zamu alisimama nyuma yangu, hakusema neno.

Saa 10 na dakika 5 hifadhidata zikafunguka tena. Nikafungua foleni kwenye seva ya usafirishaji, ambako barua za nusu saa nzima zilikuwa zimesubiri: 212. Nikaona 140. Kisha 31. Kisha sifuri.

"Dada, zimeingia zote?"

"Zote."

Nodi ya pili ilimalizika saa 12 jioni. Tukala chapati na maharage sakafuni, tukisubiri nakala zifuatane. Nilimweleza mdogo wangu wa zamu kwa nini niliitaka SP1 hivyo: inaleta SCR, uwezo wa kuweka nakala nyingine mbali. Mashine zetu mbili zilikaa chumba kimoja, chini ya kiyoyozi kimoja kilichokuwa kinavuja. Sasa tungeweza kupeleka nakala ofisi yetu ya Mbezi, kwa mtandao wa redio.

Saa 2 usiku nikahamisha huduma kwenda nodi ya kwanza, nikairudisha. Mara zote mbili, Healthy. Nikaandika daftarini: toleo 8.1, bildi 240.6, nodi zote mbili. Chini yake nikaandika kazi ya Jumatatu: kupima kasi ya redio ya Mbezi.