Jinsi ninavyopima na kuketisha tyubu kwenye kisima cha baharini

Kwenye kisima cha mafuta au gesi cha mita 3,000, tyubu ya uzalishaji (mfululizo wa mabomba yanayopandisha mafuta au gesi) lazima iketi juu kwenye hanga yake, yaani kishikio kinachoining'iniza kwenye kichwa cha kisima, na wakati huohuo sili za chini (vizibo vilivyo mwisho wa tyubu) ziwe ndani ya tundu la pakeri, kizibo kilichofungwa chini kisimani, bila kuning'inia nje na bila kugandamiza bega lake, ule ukingo unaozuia tyubu isishuke zaidi. Ncha zote mbili zinategemea urefu mmoja, na mara nyingi nafasi ya kukosea haifiki mita moja. Nimeifanya kazi hii kwenye majukwaa yaliyosimama juu ya nguzo na kwenye mitambo inayoelea. Ninachoshikilia kuliko yote ni kwamba urefu ulioandikwa kwenye jedwali la mabomba ni makisio tu mpaka kitu kilichomo kisimani kiuthibitishe. Kila kipimo nakitafutia shahidi wa pili, na shahidi huyo asitoke kwenye karatasi ileile.

Naanzia sitahani, mabomba yakiwa yamelazwa na kofia za uzi zimetolewa. Watu wawili wanavuta tepu ya chuma kutoka uso wa upande wa jike (ncha yenye uzi wa ndani) hadi mwisho wa uzi wa dume (ncha yenye uzi wa nje), wa tatu anaandika. Kisha wanabadilishana nafasi na kurudia wakianzia mwisho mwingine wa rundo. Urefu huo bado si ule utakaoingia kisimani, maana dume humezwa na jike. Kwa uzi mwingi wa tyubu ya inchi 4½, kinachomezwa ni takriban sentimita 10, na kipimo kamili kimo kwenye karatasi ya mtengenezaji wa uzi. Ukikosea sentimita 1 tu kwa kila bomba, mabomba 310 yatakupotezea mita 3.1, na hakuna atakayeona kitu mpaka sili zifike mahali pasipo pake.

Tepu yenyewe naikagua kwanza. Zipo zilizogawanya futi kwa inchi 12 na zipo zilizogawanya futi kwa sehemu 10. Futi 30 na inchi 6 ni futi 30.5, mtu akiandika 30.6 amekosea sentimita 3. Mwenye tepu ya aina moja akifanya kazi na mwenye aina nyingine, jedwali limeharibika kabla hata bomba la kwanza halijanyanyuliwa.

Kila bomba lapitishiwa pia kipande cha chuma cha kupimia njia. Kwa tyubu ya inchi 4½ yenye ratili 12.6 kwa futi, kipenyo cha ndani ni inchi 3.958, na kipimio cha kawaida cha API (Taasisi ya Petroli ya Marekani) kina kipenyo cha inchi 3.833 na urefu wa inchi 42. Bomba linalokikataa naliwekea alama ya rangi nyekundu na kulitenga kabisa, halafu nalifuta kwenye jedwali palepale. Makosa makubwa huzaliwa hapa: bomba limekataliwa sitahani, lakini kwenye hesabu bado limo.

Ndiyo maana nahesabu yaliyobaki. Yaliyoletwa, toa yaliyokataliwa, toa yaliyoingia kisimani, ni lazima yalingane na yale ninayoyaona kwa macho juu ya sitaha. Nafanya hivyo kila baada ya mabomba 50, na tena kabla ya kugusa pakeri. Ukubwa wa kosa nao hukuambia chanzo chake. Ukigusa pakeri mita 9.6 mapema au kwa kuchelewa, hiyo ni bomba moja zima. Kosa la mita moja au mbili mara nyingi ni mnyumbuko wa chuma, au ni tofauti kati ya kina cha drila, kinachohesabiwa kwa mabomba, na kina kinachopimwa kwa waya wa vipimo. Kosa linalokua kidogo kidogo kadiri unavyoshuka ni la ule uzi unaomezwa.

Mnyumbuko si jambo dogo. Tyubu ya chuma ya mita 3,000 ikining'inia kwenye maji ya chumvi yenye uzito mara 1.2 ya maji ya kawaida hurefuka kwa uzito wake yenyewe kama mita 1.3. Waya wa vipimo nao hunyumbuka kwa namna yake. Kwa hiyo kina cha pakeri kilichopimwa kwa waya na kina kilichohesabiwa kwa mabomba havitalingana, na sijaribu kuvilazimisha. Nategemea kugusa. Tyubu inapogusa bega la pakeri na baadaye inapoketi kwenye hanga, inakuwa inaning'inia kwa uzito uleule karibu, hivyo mnyumbuko unajifuta wenyewe katika hesabu. Kinachobaki ni umbali kati ya vitu viwili vya chuma vilivyomo kisimani.

Kabla ya kugusa, nikiwa mita 30 hivi juu ya pakeri, napanda na kushuka taratibu na kuandika uzito wa kupanda na uzito wa kushuka unaoonekana kwenye kulabu inayobeba tyubu. Kisima kilichopinda huwa na msuguano, na bila namba hizo mbili huwezi kujua kama uzito uliopungua umebebwa na pakeri au na ukuta wa kesingi, bomba kubwa la nje linalozunguka tyubu. Kisha nashuka polepole huku pampu ikisukuma maji kidogo. Sili ya kwanza ikiingia kwenye tundu la pakeri, njia ya maji inazibwa na shinikizo linapanda. Nazima pampu mara moja, naachia shinikizo, na kupiga mstari wa chaki kwenye bomba usawa wa sakafu. Naendelea kushuka hadi bega liguse na kulabu ipoteze uzito. Umbali kati ya alama hizo mbili lazima uwe sawa na urefu wa sili uliopimwa sitahani. Kama sili zina mita 6 na nimegusa baada ya mita 3.9, sijafika kwenye bega: kuna takataka ndani ya tundu. Hapo napandisha, nasafisha kwa kuzungusha maji, narudia. Anayetegemea uzito wa kulabu peke yake atapiga alama juu ya takataka na kuketisha tyubu ikiwa juu kwa mita mbili.

Alama ya kugusa sipigi nikiwa nimelalia pakeri. Kwenye tyubu ya inchi 4½, nguvu ya kilonewtoni 50 inatosha kubadili urefu wa mita 3,000 kwa sentimita 31, bila kuhesabu kujipinda. Nalaza kilonewtoni 20 hadi 30 ili niwe na hakika, kisha navuta taratibu hadi uzito urudi kwenye ule wa kushuka, ndipo napiga alama. Narudia mara tatu. Alama zikiachana zaidi ya sentimita 5, natafuta sababu kwanza.

Halafu inakuja hesabu yenyewe, nayo huanzia kwenye joto. Chuma hurefuka sehemu 12.4 za milioni ya mita kwa kila mita na kila nyuzi ya Selsiasi. Kisima kikizalisha na wastani wa joto la tyubu ukapanda nyuzi 40, mita 3,000 zitarefuka mita 1.49. Kisima kikiuawa, yaani kikizimwa kwa kusukumiwa maji baridi, na wastani ukashuka nyuzi 25, zitafupika mita 0.93, tuseme shinikizo la ndani linaongeza mita 0.60 za kufupika, jumla mita 1.53. Sili za mita 6 zinatakiwa zibaki tunduni katika hali zote mbili, basi nataka ziketi mita 2.00 juu ya bega.

Chukua mfano wa jukwaa lililosimama. Nikiwa nimegusa, jike la bomba la juu liko mita 3.10 juu ya sakafu. Kutoka sakafuni hadi kiti cha hanga ni mita 18.40. Bomba linalokuja na hanga lina mita 1.85 chini ya bega lake. Ninachotakiwa kukiondoa ni 3.10 + 18.40 + 2.00 + 1.85, yaani mita 25.35. Mabomba matatu ya juu yana mita 9.62, 9.58 na 9.64, jumla 28.84. Nikiyaondoa yote matatu nimezidisha kwa mita 3.49, nazo zirudishwe kwa vipande vifupi.

Vipande nilivyo navyo ni vya futi 2, 4, 6, 8 na 10, kwa hiyo mita 3.49 kamili haipatikani. Kipande cha futi 10 kinanipa mita 3.06, na sili zinaketi mita 2.43 juu ya bega. Nikiongeza cha futi 2, zinaketi mita 1.82. Nachagua 2.43. Joto likirefusha tyubu, bado zinabaki mita 0.94 kabla ya kugonga bega, na ubaridi ukiifupisha, mita 2.04 za sili bado zimo tunduni. Kwa 1.82 ningebaki na sentimita 33 tu upande wa joto, na makisio ya joto hayana uhakika wa kiasi hicho.

Kipande kifupi sikiungi moja kwa moja chini ya hanga. Naondoa bomba la nne pia, naunga kipande kifupi, kisha narudisha bomba hilo juu yake. Bomba refu linashikwa vizuri na kabari na koleo, na kibomba cha hidroliki cha robo inchi kinachokwenda kwenye vali ya usalama kinapata mahali pa kunyooka. Kibomba hicho ndicho kinachoteseka wakati wa kurudi nyuma. Kinazungushwa kwenye roda yake kikiwa na shinikizo ndani, ili kikichubuka geji ituambie hapohapo.

Mtambo unaoelea una tabu ya ziada. Kichwa cha kisima kiko chini kabisa kwenye sakafu ya bahari, na sakafu ya mtambo hupanda na kushuka kwa kupwa na kujaa. Ukigusa pakeri maji yakiwa yamejaa, kisha ukatumia umbali wa kichwa cha kisima ulioandikwa maji yalipokuwa yamekupwa, tofauti yote ya maji imeingia kwenye tyubu yako. Kwa hiyo naandika saa ya kila alama, na napima umbali kutoka sakafuni hadi kwenye pipa la nje la kiungo kinachoteleza cha raiza, bomba linalounganisha mtambo na kichwa cha kisima. Pipa hilo limeshikamana na raiza, na raiza na kisima, halifuati mtambo. Tofauti ya kipimo hicho kati ya saa mbili ndiyo mwendo wa maji.

Kwa majaribio ya kisima, pale vali za majaribio zinapokaa ndani ya kizuia-mlipuko (mtambo wa kufunga kisima ulio juu ya kichwa chake), nafanya safari ya kwanza na hanga ya bandia. Juu yake kuna bomba lililopakwa rangi nyeupe. Hanga ikiketi, taya za kubania bomba zinafungwa kwa shinikizo dogo, zinafunguliwa, na bomba linapandishwa. Kwenye rangi utaona mkanda uliokwaruzwa, wakati mwingine na chembe za mpira zimeganda ukingoni. Napima kutoka bega la hanga hadi katikati ya mkanda huo, na namba hiyo ndiyo inayoamua mahali pa bomba laini la kubaniwa na pa kipande cha kukatwa na visu. Michoro ya kizuia-mlipuko ni shahidi wa pili tu. Mkanda usiolingana nao kwa zaidi ya sentimita chache unasimamisha kazi.

Bunduki za kutoboa kesingi zinazoshuka na tyubu hazina bega la kugusa, basi shahidi wake ni mionzi. Naweka kwenye mfululizo wa mabomba kipande chenye chembe ya mionzi, na umbali wake hadi risasi ya juu unapimwa sitahani. Waya unapita ndani ya tyubu ukisoma miale ya gama na viungo vya kesingi, na mchoro unalinganishwa na logi ya kwanza ya kisima, yaani mchoro wa vipimo vyake vya awali. Chembe ikionekana mita 2,968.40 na risasi ya juu iko mita 27.32 chini yake, risasi iko 2,995.72. Ikitakiwa 2,994.00, napandisha mita 1.72, kisha nasoma upya, kwa sababu kwenye kisima kilichopinda sentimita za kwanza za kuvuta huishia kwenye mnyumbuko. Pakeri inayofungwa kwa kulaza uzito itashusha bunduki tena, na mwendo huo nautoa mapema.

Siku ya kuketisha, mstari wa rangi ulio juu ya hanga unatakiwa ufike sakafuni ndani ya sentimita 5 za hesabu wakati uzito unapoondoka kulabuni. Ukifika, navuta kidogo kuhakikisha kufuli imeshika, kisha napima shinikizo la nafasi kati ya tyubu na kesingi. Likitulia, naandika kwenye faili umbali wa sili kutoka kwenye bega, uzito wa kupanda na wa kushuka, saa ya kila alama, na mpangilio wa mabomba kama ulivyoingia, pamoja na namba za yale yaliyokataliwa.