Kipimo cha mwisho cha shafti ya boti kwenye mashine ya kukereza

Shafti za boti tunazozikereza hapa Mkoani, Pemba, nyingi ni za chuma kisichoshika kutu, na chuma hiki hakitaki kusuguliwa. Kisu kikisugua badala ya kukata, ngozi ya juu inakuwa ngumu na mkato unaofuata unateleza. Kwa hiyo sikaribii kipimo kwa kudonoadonoa.

Chukua kiti cha beringi, yaani sehemu ya shafti inapokaa beringi, hapa beringi ya namba 6208, yenye kipenyo cha ndani cha milimita 40. Nakitaka kiwe baina ya 40.002 na 40.018, nalenga 40.010.

Nikishamaliza kupunguza kwa nguvu nabakisha milimita 1.5 juu ya 40, naiacha shafti ipoe kabisa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Chuma hiki kikizidi joto kwa nyuzi 25 tu, kipenyo cha milimita 40 huvimba 0.016, yaani nafasi yote niliyopewa. Ukikipima kina moto utafurahi, kikipoa beringi inaingia kwa kidole.

Ile 1.5 naigawa mikato mitatu sawa, 0.50 kila mmoja kwa kipenyo. Kisu cha kabaidi, ile madini ngumu ya kukatia, chenye ncha ya mviringo wa 0.4, mizunguko 800 kwa dakika, mwendo wa 0.1 kwa kila mzunguko, mafuta ya kukatia hayakatiki. Baina ya mikato hiyo sibadilishi chochote.

Mkato wa kwanza hudanganya: kisu na shafti husukumana na kupinda kidogo, nikaingiza 0.50, maikromita, kile kifaa cha kupimia kipenyo, ikaonesha imetoka 0.46. Siifukuzii ile 0.04. Naongeza 0.50 nyingine kuanzia pale iliposimama pete ya namba kwenye mkono wa kuingizia kisu, na sasa inatoka 0.50 kamili, maana kupinda ni kule kule. Tumefika 40.54. Naingiza 0.53 ili nifike 40.01, nakata mara moja, basi.

Pete ya mashine nyingine husoma nusu kipenyo, hakikisha kwanza. Na ukipitiliza alama usirudishe kidogo tu. Rudi mzunguko mzima uje tena mbele, ili plei ya skrubu, yaani kule kulegea kwake, ibaki upande mmoja. Baada ya mkato wa pili napima ncha zote mbili za kiti. Upande wa telistoki, kichwa kinachoshikilia ncha ya mwisho ya shafti, ukiwa mnene, telistoki naisogeza kuelekea kisu.

Baada ya mkato wa mwisho kipenyo kikitoka 40.03, kabaidi naiweka kando, kwani 0.02 ni chembamba mno kwake. Nafunga kisu cha chuma cha kunolewa kwa mkono, kikali hasa, mizunguko 150, na slaidi ya juu, ile ndogo inayobeba kisu, naigeuza pembe ya nyuzi 5 na dakika 44 kutoka mstari wa shafti. Hapo kila 0.10 ya slaidi inakiingiza kisu 0.01, na kipenyo kinapungua 0.02.