Lita zilizojificha kwenye kopo la rangi

Mteja wangu ana karakana ya useremala yenye wafanyakazi 14. Juzi alinitumia dodoso la uendelevu, kurasa 19, kutoka kwa mnunuzi wake mkubwa, akaandika neno moja tu: "Nisaidie." Mimi nafunga vitabu vya biashara ndogo, mishahara, kodi na mizania ndiyo mikate yangu. Ripoti za uendelevu, yaani jinsi biashara inavyogusa mazingira na watu, nilizihesabu kuwa mambo ya makampuni yenye idara nzima ya kupiga picha za miti.

Tuliliweka dodoso kando tukaanza na VSME, utaratibu wa hiari wa kuandika ripoti hizo ambao EFRAG, chombo cha Ulaya cha kuandaa viwango vya ripoti, iliutoa Desemba 2024 kwa ajili ya biashara ndogo na za kati. Sehemu ya msingi ina vipengele 11: nishati, maji, taka, ajira, ajali, hata faini za rushwa. Lengo ni uandike ripoti moja, umpe kila anayeuliza.

Umeme haukusumbua. Bili 12, kilowati-saa zimo, jumlisha, gawa kwa 1,000 upate megawati-saa.

Dizeli ya jenereta ndiyo iliyonitoa jasho, na kosa ni langu. Kwenye leja nilikuwa nimeandika "mafuta" na kiasi cha pesa, basi. Bei ilipanda na kushuka mwaka mzima, kwa hiyo pesa ile haikuweza kuniambia ni lita ngapi. Aliyeniokoa ni mtunza stoo, aliyekuwa na kopo la rangi lililojaa risiti zilizokunjwakunjwa, nyingine wino umefifia hadi nikazisomea dirishani. Tukapata miezi 9. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Ukishazipata lita, hesabu ni ya dakika mbili.

Miezi 3 iliyobaki mteja wangu, bosi wa karakana, alitaka tuweke sifuri. "Si risiti hakuna?" Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tulisoma saa za kuwaka kwenye mita ya jenereta, tukakadiria, na nikaandika waziwazi kwamba ni makadirio na tumeyapataje.

Kwenye ajali ndipo tulipocheka. Unachukua idadi ya ajali, unazidisha kwa 200,000, ambazo ni saa za watu 100 kwa mwaka, kisha unagawa kwa saa zote zilizofanyika kazi. Ajali ilikuwa moja, kidole na msumeno, saa 28,000. Jibu: 7.1.

"Saba?" bosi akaruka. "Hao wengine sita ni akina nani?"

Mnunuzi amerudi na swali moja tu: je, msumeno umewekewa kinga? Umewekewa. Risiti yake ninayo mimi, haiko kwenye kopo.