Warsha ya Nairobi iliyonirudisha kwenye data yangu

Nilipokubaliwa kushiriki kongamano la teknolojia ya lugha jijini Nairobi, nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili huko Dar es Salaam, waandaaji walitupa wanafunzi sharti moja: kila atakayehudhuria warsha za stadi za utafiti, zilizotangulia kongamano lenyewe kwa siku mbili, aje na kazi yake mwenyewe, hata kama haijakamilika. Sharti hilo ndilo lililonifaa kuliko mengine yote. Nilibeba rasimu ya ikisari, mafaili ya data, na bango la ukubwa wa A0 nililokuwa nimekwisha kulichapisha, nikapanda basi la alfajiri kupitia Namanga.

Utafiti wangu ulihusu kuifundisha kompyuta kutambua malalamiko katika jumbe fupi za wananchi kuhusu huduma ya maji. Kwa majaribio, mimi na mwanafunzi mwenzangu tulisoma jumbe 200, kila mtu kivyake, tukiupa kila ujumbe lebo ya "malalamiko" au "si malalamiko". Lebo zetu zilifanana kwenye jumbe 176, yaani asilimia 88, na takwimu hiyo nikaiweka katikati ya bango kwa herufi kubwa.

Katika warsha ya ikisari tulibadilishana rasimu na jirani. Jirani yangu, mwanafunzi kutoka Kampala, alisoma yangu mara mbili kisha akaniuliza, "Sasa ulipata nini?" Nilifuta sentensi tatu za mwanzo papo hapo. Warsha ya LaTeX, programu ya kupanga maandishi ya kitaaluma, haikunipa mengi mapya, kwani wengi wetu tulikuwa tukiitumia tayari.

Warsha ya data ilikuwa habari nyingine. Mwezeshaji, mhadhiri mwenye umri wa kutosha kuwa dada yangu mkubwa, alipita meza kwa meza, na alipofika kwangu hakuitazama ile asilimia 88. Aliuliza, "Mdogo wangu, ni jumbe ngapi ambazo nyote wawili mlisema si malalamiko?" Nikahesabu: sita. Zile 170 nyingine tulizokubaliana zilikuwa malalamiko, na kila mmoja wetu alikuwa ametoa lebo hiyo mara 182 kati ya 200. Akachukua kalamu, akanionyesha kwamba watu wawili wenye mazoea hayo, hata wakigawa lebo bila kusoma chochote, wangefanana kwa takribani asilimia 84 kwa bahati tu. Kipimo cha kappa, alichokitoa mwanasaikolojia Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa sehemu hiyo ya bahati. Kwa data yangu kilitoa 0.27, ilhali 1 ndiyo makubaliano kamili na 0 ni sawa na kubahatisha. Niliumia, lakini nilishukuru kwamba jambo hilo niliambiwa mezani, kabla ya kusimama mbele ya watu.

Kisha akaniagiza nizisome kwa sauti zile jumbe 24 tulizotofautiana. Mmoja ulisema: "Leo maji yametoka, ahsanteni kwa kutukumbuka." Mimi niliuhesabu kuwa shukrani, mwenzangu, anayeishi mtaa ambao maji hukatika wiki nzima, aliuhesabu kuwa malalamiko. Sikuona kosa kwa yeyote kati yetu. Tatizo ni kwamba hatukuwa tumeandika mwongozo, na kila mmoja aliweka lebo kwa masikio ya mtaani kwake.

Usiku ule nilimpigia mwenzangu simu, tukaandika kurasa mbili za mwongozo. Kanuni tuliyoijadili kwa muda mrefu zaidi ilihusu shukrani zinazotaja au kudokeza kukosekana kwa huduma: tulikubaliana ziwe malalamiko, na ujumbe wa aina hiyo ukawa mfano wa kwanza. Asubuhi, kila mmoja akaweka lebo kwenye jumbe mpya 100, yeye akiwa Dar na mimi Nairobi. Safari hii zililingana 94, na kappa ikapanda hadi 0.72.

Bango halikuweza kuchapishwa upya kwa fedha nilizobaki nazo. Nilichapisha karatasi moja ya A4 yenye majedwali mawili ya matokeo, la kwanza la kabla ya mwongozo na la pili la baada yake, nikaibandika juu ya ile asilimia 88. Sikutaka kuficha jedwali la kwanza, kwa sababu bila hilo hakuna ambaye angeelewa mwongozo ulitoka wapi. Wengi waliosimama kwenye bango langu waliuliza juu ya karatasi hiyo, na wawili waliomba mwongozo wenyewe ili wautumie kwa lugha zao.

Niliporudi Dar es Salaam nilimweleza msimamizi wangu yote, nikamwomba muda zaidi. Tulianza upya kuweka lebo kwenye jumbe zote 3,000 kwa kufuata mwongozo, tukiongeza mfano mpya kila tulipokwama, na kazi hiyo ilituchukua wiki saba.