Nyimbo Tatu Tu, Mwanangu

Naandika haya nikiwa kwa mama, Tukuyu. Ukungu umeshuka tangu saa kumi jioni, nimejifunika kitenge mabegani, na moyo bado haujapoa. Jumamosi iliyopita nilikuwa Mbeya mjini kwenye harusi ya binti wa binamu yangu. Wiki mbili kabla ya hapo, nikiwa ndiyo kwanza nimeshuka uwanja wa ndege wa Songwe na begi hata sijalifungua, mwenyekiti wa kamati alinipigia simu. Ni mtu mzima, ni mjomba wangu kwa upande wa mama, namheshimu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za Ujerumani, kisha akasema, "Mwanangu, tumekuweka kwenye ratiba. Nyimbo tatu tu, baada ya keki."

Nikamuuliza kwa adabu bajeti ya muziki ikoje. Akanyamaza kidogo, halafu akacheka. "Wewe tena? Mtu wa Ulaya utudai hela sisi?"

Kesho yake kadi ya mchango ikaingia kwenye simu. Single 100,000, double 150,000. Nikatuma 150,000, maana yule ni mtoto wetu na kuchangia sikatai. Lakini walikuwa wameniingiza kwenye grupu la kamati, kwa hiyo bajeti yote niliiona kwa macho yangu. MC 600,000. Picha na video 800,000. Keki 350,000. Matarumbeta 400,000. Mapambo sitaki hata kuyataja. Mstari wa mwisho uliandikwa "Burudani: dada yetu kutoka Ujerumani", na mahali pa kiasi pamechorwa kistari. Kile kistari ndicho kimenikalisha hapa niandike.

Niwaeleze hela ya Ulaya ya mwanamuziki inavyopatikana, maana naona wengi hamuijui.

Naishi Leipzig. Chumba kimoja, jiko na choo tunachangia watu watatu, na kodi yangu ni euro 380 kwa mwezi. Pigeni hesabu wenyewe, halafu mkumbuke kwamba hiyo ni kabla sijala. Shoo zangu nyingi ni za kwenye baa ndogo na mikahawa, na nyingi hazina malipo ya uhakika, wanapitisha kofia. Unaimba saa moja na nusu, mwenye baa anazungusha kofia, unachokuta humo ndicho chako. Februari nilikwenda kuimba mji mmoja karibu na Zittau, mpakani kabisa na Poland na Cheki. Walikuja watu kumi na mmoja. Kofia ilikuwa na euro 64. Nasafiri kwa tiketi ya mwezi, mwaka 2025 ilikuwa euro 58, unapanda treni zote za mikoani nchi nzima ila zile za mwendo kasi huruhusiwi. Treni ya mwisho ikaniacha. Nikakaa stesheni mpaka alfajiri, nje kuna baridi ya sita chini ya sifuri, nimefungua koti na kulikumbatia gitaa kifuani, kwa sababu mbao ikipigwa na baridi halafu ikaingia ghafla kwenye joto inapasuka. Mimi nikipasuka midomo, kesho inapona. Gitaa likipasuka, sina kazi.

Na ukishamaliza kuimba nyimbo zako mwenyewe, ulizokaa nazo miezi mitatu ukitafuta neno moja la kiitikio, anakuja mtu na bia yake mkononi kukuuliza, "Ngoma yako iko wapi? Nilidhani utapiga ngoma za Afrika." Nimeulizwa hivyo mara nyingi mno. Nawajibu kwa upole. Inauma kila mara.

Wadogo zangu mnaoniandikia kila wiki, "Dada nivute, na mimi naimba," naomba mnisikilize vizuri hapa. Sikuja Ujerumani kuimba. Nilikuja kwa mwaka mmoja wa kujitolea kwenye nyumba ya wazee, kwa posho ya mfukoni. Baadaye nikasomea kazi hiyohiyo miaka mitatu, kwa Kijerumani, mitihani na yote. Kisha nikafanya kazi. Jumla ni miaka saba ya kuogesha wazee, kubadilisha shuka saa kumi usiku na kuimba wikiendi jikoni kwa marafiki, ndipo nikapata kibali cha kudumu kinachoniruhusu kufanya kazi ninayoitaka. Karatasi yako ya ukaazi inasema unaruhusiwa kazi gani. Nyingi zimeandikwa wazi kwamba kujiajiri hakuruhusiwi. Ukiwa na karatasi ya namna hiyo ukapanda jukwaani ukalipwa, unaiweka rehani miaka yako yote. Isome karatasi, usiulize mtu wa kwenye kundi. Na ujifunze lugha ukiwa bado hapa nyumbani, ufike angalau B1, ngazi ya kati. Kule hakuna atakayekusubiri.

Lakini nisiseme mabaya tu, nitakuwa mwongo. Kuna vitu huko vinaniheshimu kuliko nilivyowahi kuheshimiwa na ukoo wangu. Wasanii wana mfuko wao wa bima, unaitwa Künstlersozialkasse, ulianza 1983. Msanii anayejitegemea analipa nusu ya michango yake ya matibabu na pensheni. Nusu nyingine inatoka serikalini na kwa makampuni yanayotumia kazi za wasanii. Yaani nikiumwa koo, naenda hospitali kama karani wa benki anavyokwenda. Na nikiimba wimbo wangu mwenyewe kwenye ukumbi wa watu, najaza orodha ya nyimbo nilizoimba naituma GEMA, wanaokusanya mirabaha, na baadaye kiasi kinaingia. Kidogo, lakini kinaingia, na jina langu limeandikwa pale kuwa mwenye wimbo. Hata sisi sheria ya hakimiliki tunayo, ni ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Vijana wa Mbeya mnaorekodi Mwanjelwa na Mafiati, msajili kazi zenu. Msisubiri wimbo uvume.

Kitu kinachonishika zaidi huko ni kazi ya kiangazi.

Kila kiangazi shule za kule kwetu, jimbo la Saxony, zinafungwa wiki sita, na watoto ambao wazazi wao hawana uwezo wa kuwapeleka likizo wanabaki wanazurura. Kuna chama cha mtaa kinaniita kila mwaka Grünau, magharibi ya Leipzig. Ni mtaa wa maghorofa ya zege, ulianza kujengwa 1976, mkubwa kama mji. Tunakutana kwenye bustani ya jamii nyuma ya maghorofa, chini ya mti wa tufaha, watoto kumi na tano hivi: Wajerumani, Wasiria, Waukraine, Wavietinamu. Nina siku kumi za kuandika nao nyimbo, na siku ya mwisho tunakwenda kuziimba kwenye nyumba ya wazee, nyumba kama ile niliyofanyia kazi. Malipo si makubwa. Mwaka 2025 sheria iliruhusu mtu anayefundisha kwenye vyama vya namna hiyo apokee hadi euro 3,000 kwa mwaka bila kukatwa kodi, nami sijawahi kuufikia huo mpaka. Lakini barua ya kwanza kabisa waliyoniandikia ilianza hivi: "Ada yako ni kiasi gani, na nauli tukulipe kiasi gani?" Walikuwa hawajaniuliza hata naimba nini.

Kiangazi hiki alikuwepo mtoto wa miaka tisa, familia yao ilitoka Aleppo. Siku nne hakusema neno. Alikalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa na kuipiga kwa vidole viwili, taratibu, hata wenzake walipokwenda kunywa juisi. Sikumlazimisha. Siku ya tano tulikuwa tunatafuta mstari wa pili wa ubeti, watoto wanabishana, naye bila kuinua macho akasema, "Tramu imeondoka, mkate wangu umebaki kwenye kiti." Bustani nzima ikatulia. Mstari huo ndio ukawa kiitikio. Wazee walipouimba ile siku ya mwisho, kuna bibi mmoja aliyesahau hata majina ya wanawe, aliurudia mstari huo mpaka tunatoka mlangoni. Nyanya yake yule mtoto alikuja kunitafuta na sahani ya wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu, bado wa moto, umefunikwa kwa taulo. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Alinishika shavu tu.

Kwa hiyo nimekuja nyumbani Septemba hii nikiwa na hicho kifuani. Ndiyo maana kile kistari kilinichoma kiasi kile.

Harusini niliimba. Sikutaka kumwaibisha bibi harusi, hana kosa. Saa nne usiku, maiki inakatika, chakula kimeanza kugawiwa, watu wamenipa migongo wakifuata sahani. Wimbo wa kwanza wa Kiswahili, wa pili wa Kinyakyusa niliomtungia marehemu baba. Bibi mmoja wa meza ya mbele aliacha kula, akanishika mkono akasema, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana. Wa tatu sikuufikisha kwenye ubeti wa pili, MC akachukua maiki akaita zawadi za upande wa baba.

Baba alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa la Moravian. Kila aliyekulia Rungwe anaijua sauti ile, kwenye msiba na kwenye Krismasi. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe 1891, wakitumwa na kanisa lililokulia Herrnhut, na Herrnhut hiyo iko Saxony hiyohiyo ninayoishi mimi. Nilikwenda Pasaka. Kabla jua halijachomoza watu wanasimama makaburini, mawe yote yamelala chini na yote yanafanana, tajiri na maskini, na matarumbeta yanapigwa. Nililia kama mtoto. Baba alipiga hivyo miaka thelathini, akilipwa sahani ya ndizi na asante, na sikuwahi kumsikia akilalamika. Mpaka leo sijui kama alikuwa hana neno, au alikuwa nalo akakosa wa kumwambia.

Basi nilipotoka ukumbini nikawakuta vijana wa matarumbeta wamekaa kwenye bodi ya kirikuu waliyokodi, wanagawana. Wanane. Mmoja alikuwa ameshikilia tarumbeta ambayo vali ya katikati imefungwa mpira wa tyubu ili ikibonyezwa irudi juu. Wakanisogezea nafasi nikae. Kiongozi wao, kijana wa Uyole, anahesabu kwa sauti kwenye tochi ya simu: 400,000, toa 60,000 ya kirikuu, toa 140,000 ya mwenye vyombo, inabaki 200,000, kila mtu 25,000. Halafu akanitazama akaniuliza, "Dada, wewe wamekupa ngapi?"

Nikamwambia ukweli.

Hakusema kitu. Akawageukia wenzake, wakaongea kwa sauti ya chini. Kisha akaanza upya kuhesabu, safari hii kila mmoja akipata 22,500, wakihangaika kutafuta chenji ya mia tano. Akanipa noti mbili za elfu kumi. "Hii ya koo, dada. Na wewe umefanya kazi." Nikakataa. Nikasema mimi nina uwezo, nitarudi zangu, nyinyi mna familia. Akanikunjia vidole juu ya zile noti kwa mikono yake miwili, mikono ina sugu hapa kwenye kidole gumba kama aliyokuwa nayo baba. "Usikatae. Sisi tunajua."

Nimepanda Coaster ya Tukuyu Jumapili na ile 20,000 iko ndani ya kitabu cha nyimbo, sijaitumia. Kiwira walipokuja akina mama na maparachichi dirishani nilikopa kwa abiria wa pembeni kuliko kuivunja.

Mjomba nimempigia jana. Nilimwamkia, nikamwambia bila hasira kwamba kuimba ndiyo kazi yangu ya kulipia chumba na kula, kwamba sikudai kwa sababu ya harusi ya mtoto wetu, lakini kwenye bajeti pangeandikwa japo kiasi, hata elfu hamsini, kisha mimi mwenyewe ningeirudisha kama mchango. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Hilo hatukulifikiria, mwanangu." Nimelipokea.

Na asubuhi hii kijana wa Uyole kapiga simu. Wana harusi Jumamosi, Igawilo. Wanataka niimbe nao nyimbo mbili, ule wa baba wameupenda, wanasema wanaweza kuuweka matarumbeta kuanzia ubeti wa pili. Kamuuliza mwenye shughuli, kakubali 120,000. Nusu imeshaingia kwenye simu. Ijumaa nashuka Uyole kwa mazoezi, na nimemwahidi kutafuta springi ya vali mjini kabla ya hapo.